Kutoka Mangi wa Barazani hadi Mangi wa Dukani: Maendeleo ya Kilimanjaro na Mashaka Yake

Utangulizi

Mgeni akiingia katika mtaa wowote wa Dar es Salaam na kuuliza chumvi au kiberiti vinauzwa wapi, yamkini ataelekezwa aende "kwa Mangi". Anayetajwa hapo si mtawala. Ni mwenye duka, na aghalabu ni mtu aliyetoka Kilimanjaro, ingawa siku hizi hata asiyetoka huko aweza kuitwa hivyo kwa sababu tu amekaa nyuma ya meza ya duka. Hapo zamani neno hilo hilo lilikuwa na uzito mwingine kabisa. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli wa Moshi pamoja na viongozi wenzake, kwani walijua kwamba mwenye cheo hicho aliweza kuwakusanya watu na kuwaongoza vitani. Neno limeshuka kutoka barazani hadi dukani.

Sisi wanaisimu tumezoea kuiita hali hii mabadiliko ya maana, na mara nyingi tumeishia hapo. Makala haya yanakusudia kwenda hatua moja mbele na kuuliza ni historia gani iliyolisukuma neno hilo likatoka mlimani likafika vichochoroni mwa Dar es Salaam. Kwa kipimo cha shule, hospitali, barabara na nyumba bora, Kilimanjaro imehesabiwa tangu enzi ya ukoloni miongoni mwa sehemu zilizotangulia nchini Tanzania. Basi kwa nini watu wa mahali palipotangulia wawe ndio wanaohama kwao kwa wingi kiasi cha kulitawanya neno lao nchi nzima?

Majibu yanayosikika sana ni mawili. La kwanza husema kwamba Wachagga wana tabia ya kupenda fedha. La pili husema kwamba walibahatika, wakapewa mlima wenye rutuba na wamisionari wa mapema. Jibu la kwanza si historia bali ni masimango. La pili lina chembe ya ukweli, lakini halielezi kwa nini bahati hiyo imegeuka kuwa mashaka. Rai yetu ni kwamba maendeleo ya Kilimanjaro yalisimama juu ya nguzo tatu, yaani kihamba, kahawa na shule, na kwamba kila nguzo iliponawiri iliidhoofisha ile iliyoitangulia.

Kihamba, mfongo na shamba

Kihamba ni ardhi ya nyumbani. Humo mna migomba, na chini ya migomba mna mimea mingine. Mna nyumba, zizi la ng'ombe wanaolishwa ndani kwa majani yanayobebwa na wanawake kutoka mbali, na makaburi ya wazee. Kwa desturi kihamba hakikuuzwa. Kilirithiwa kwa upande wa kuumeni, na kwa kawaida mtoto wa kiume wa kwanza na wa mwisho ndio waliotazamia kupata sehemu katika ardhi ya baba yao. Wale wa katikati walimwendea mangi awape pori, wakalifyeka, wakaanzisha kihamba kipya. Mabinti hawakurithi, walikikalia kihamba kwa njia ya ndoa, na walipofiwa na waume zao walikishika kwa niaba ya watoto wao wa kiume. Mipaka ilipandwa masale. Jani la mmea huo huo ndilo lililoshikwa na mtu aliyekwenda kumwomba jirani yake msamaha.

Mfongo ni mfereji unaoyatega maji ya mito ya mlimani na kuyateremsha hadi vihambani. Mifongo ilichimbwa na koo kabla ya kuja kwa Wazungu. Maji yaligawanywa kwa zamu, na aliyekwepa kazi ya kuukarabati mfongo aliihatarisha zamu yake. Kwa hiyo kihamba kilikuwa cha mtu na ukoo wake, bali maji yaliyokilisha yalikuwa ya wengi waliokubaliana.

Neno la tatu ni la Waswahili wote, lakini mlimani limepata maana finyu. Mchagga anaposema "shamba" aghalabu hakusudii ardhi yoyote inayolimwa. Anakusudia ardhi ya tambarare iliyo chini ya mlima, mbali na nyumbani, ambayo leo hulimwa mahindi na maharagwe. Kihamba si shamba. Mwandishi wa kamusi asiyeijua tofauti hii ataandika kwamba kihamba ni "shamba la migomba", na hapo atakuwa ameipoteza nusu ya maana, kwa kuwa shamba lile laweza kuachwa na mtu akabaki alivyo, lakini aliyeacha kihamba ameyaacha na makaburi.

Utaratibu huu wote ulitegemea jambo moja, nalo ni kwamba daima pangekuwapo pori la kumpa mtoto wa katikati. Ukoloni uliuziba mlango huo kwa pande mbili. Upande wa juu, serikali ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza iliutenga msitu. Upande wa chini, sehemu kubwa ya ardhi njema ikachukuliwa na walowezi na misheni. Mwaka 1941 watu walitengewa ukanda mwembamba wa msitu ujulikanao kwa jina la "nusu maili" ili wapate kuni na majani. Jina lenyewe latosha kuonyesha jinsi nafasi ilivyokuwa imebana.

Kahawa na ushirika

Katika mahali palipobanwa namna hiyo ndipo kahawa ilipopandwa. Miche ya kwanza yahusishwa na mapadri Wakatoliki wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na zao lililokuwa jambo la misheni na walowezi likapata njia ya kufika bandarini. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Charles Dundas, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza wa wilaya ya Moshi, aliwahimiza Wachagga walime kahawa wao wenyewe. Mkahawa ulikubali kuishi chini ya mgomba. Haukumlazimisha mtu kuacha chakula ili apate fedha, na hiyo ndiyo siri ya kuenea kwake upesi.

Msomaji wa Kenya na aitazame tarehe hii kwa makini. Wakati Wachagga walipokuwa wakipanda kahawa katika miaka ya 1920, Mwafrika wa upande wa pili wa mpaka alikuwa amezuiwa kuilima ili asishindane na mlowezi. Ruhusa ya kwanza ilitolewa kwa uchache huko Kisii, Embu na Meru katika miaka ya 1930, na mlango haukufunguliwa sawasawa hadi baada ya mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Mpaka huo ulichorwa na wakoloni pembezoni mwa mlima, lakini ulitenganisha historia mbili za kiuchumi.

Walowezi wa Moshi nao walitaka Waafrika wazuiwe. Ni katika kujibu tishio hilo ndipo wakulima walipounda chama chao mwaka 1925, Joseph Merinyo akiwa kiongozi wake wa kwanza. Chama hicho, kilichojulikana kwa herufi KNPA, kilishughulikia magonjwa ya mikahawa, uuzaji wa mazao, na zaidi ya hayo yote, haki yenyewe ya kulima. Kilipoanza kuitia serikali wasiwasi, mahali pake pakashikwa mwaka 1933 na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kilichoandikishwa chini ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932. Ikatolewa amri ya kumlazimisha mkulima aiuze kahawa yake kwa njia ya chama hicho peke yake. Mwaka 1937, bei ilipokuwa mbaya, wakulima waliasi amri hiyo wakayashambulia maghala ya ushirika, na serikali ikatumia nguvu kuwatuliza.

Wasifu wa kawaida wa KNCU hupenda kuliruka tukio hilo kana kwamba ni aibu. Sisi twaona kinyume chake. Mwaka 1937 wakulima hawakuukataa ushirika. Miaka 12 tu kabla ya hapo walikuwa wameuunda wao wenyewe. Walichokikataa ni ushirika unaoamriwa kutoka juu. Mtu aliyezoea mfongo alijua maana ya kushirikiana, na alijua pia kwamba anayechimba ndiye mwenye kauli juu ya zamu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili bei ya kahawa ilipanda, na matunda yake yalionekana. Mabati yalichukua mahali pa majani mapaani. Moshi ukawa mji wa maghala, mnada na viwanda vya kukoboa kahawa. Mwaka 1952 Thomas Marealle alisimikwa kuwa Mangi Mkuu wa Wachagga wote, cheo ambacho hakikuwahi kuwapo katika nchi iliyokuwa na wamangi wengi waliopigana wenyewe kwa wenyewe. Hakikudumu. Mwaka 1960 kiliondolewa kwa kura, na mara baada ya uhuru utawala wa kimila ukafutwa nchini kote. Tangu hapo neno mangi likawa halina kiti cha kukalia. Likaanza kuzurura.

Shule

Kahawa ilizaa fedha, na fedha ikajenga shule. Wamisionari walikuwa wamefungua shule tangu mwisho wa karne ya 19, Walutheri wa Leipzig na Wakatoliki wakishindana bonde kwa bonde, lakini shule ya misheni pekee isingeueneza elimu kiasi hicho. Kilichoieneza ni ushuru wa kahawa, pamoja na wazazi waliokuwa tayari kuuza ndizi, maziwa na mbege ili kulipa karo. Ukiuliza ni nani hasa aliyelipa, utakuta kwamba mara nyingi ni mama. Kahawa ilikuwa ya baba. Ndizi za sokoni zilikuwa za mama.

Sababu ya bidii hii haikuwa kupenda vitabu tu. Turudi kwa mtoto wa katikati. Pori la kupewa na mangi lilikuwa limekwisha. Baba mwenye wana wanne na kihamba cha kuwatosha wawili alikuwa na njia moja tu ya kuwatendea haki wale wengine, nayo ni kuwapa elimu badala ya ardhi. Shule ikawa ndiyo kihamba cha asiye na kihamba. Kwa binti, ambaye desturi haikumpa ardhi kabisa, ikawa ndiyo urithi wa kwanza ulioweza kuandikwa kwa jina lake.

Lakini urithi huu ulitofautiana na ule wa zamani katika jambo moja. Kihamba humvuta mtu nyumbani, na shule humtuma nje. Cheti hakikuweza kupaliliwa Marangu wala Kibosho. Kilihitaji ofisi, na ofisi zilikuwa Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Tanga. Waliokosa ofisi walifungua maduka huko huko. Hapo ndipo alipozaliwa "Mangi" wa mtaani. Hakusukumwa na tabia ya kabila. Alisukumwa na hesabu ya ardhi.

Lugha nayo ilikwenda njia hiyo hiyo. Kichagga si lugha moja iliyo sare. Mmachame na Mrombo hawaelewani kwa urahisi. Kiswahili kilichofika na misafara ya Pwani, kisha kikashikwa na serikali na shule za Kiingereza, kikawa ndicho kilichowaunganisha. Petro Itosi Marealle alipotaka kuzihifadhi mila za watu wake, kitabu chake *Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera* cha mwaka 1947 alikiandika kwa Kiswahili. Twakishukuru kitabu hicho. Hata hivyo chatuonyesha kwamba tangu wakati huo Mchagga msomi alikwisha kuanza kuzungumza juu ya kihamba kwa lugha ya barabarani.

Usawa wa taifa na mkoa uliotangulia

Uhuru ulileta swali ambalo lilikuwa halijaulizwa: mkoa uliotangulia una deni gani kwa mikoa iliyoachwa nyuma? Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitoa jibu la jumla, na miaka ya 1970 ikaleta majibu ya utekelezaji. Shule za misheni zilitwaliwa na serikali. Nafasi za sekondari za serikali zikagawanywa kwa mikoa ili watoto wa sehemu zisizo na shule nyingi nao wapate. Mashamba makubwa ya walowezi wa Kilimanjaro yalitaifishwa mwaka 1973. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika, KNCU kikiwamo, vilivunjwa, na mazao yakanunuliwa na mamlaka za serikali kwa njia ya vijiji.

Mwandishi asiyekuwa mwenyeji wa huko hana budi kulipima jambo hili kwa mizani ya haki. Mgawo wa nafasi za shule ulikuwa na sababu njema. Taifa haliwezi kujengwa na wahitimu wa mlima mmoja, na mtoto wa Lindi au Kigoma hakuwa na kosa lolote la kukosa kahawa. Lakini kwa mzazi wa Rombo mwenye kihamba cha nusu eka, nafasi ya shule haikuwa ziada. Ilikuwa ndiyo ardhi ya mwanawe. Serikali iliona mkoa tajiri. Mzazi aliona mtoto asiye na pa kwenda. Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Matokeo yake ni kwamba wazazi, makanisa na vijiji vilianza kujenga sekondari za binafsi kwa wingi, na pengo ambalo sera ilikusudia kulifunga likafunguka tena kwa mlango mwingine.

Kuvunjwa kwa ushirika kulikuwa na sababu dhaifu zaidi. Vyama vilikuwa na kasoro, lakini dawa ya kasoro haikuwa kumnyang'anya mkulima chombo alichokiunda. Malipo yalichelewa, mrututu wa kupulizia mikahawa dhidi ya chulebuni ukawa haba, na wakulima wakaanza kuiacha mikahawa izeeke. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, biashara ya Holili na Tarakea iliyokuwa halali ikageuka kuwa magendo usiku mmoja, ilhali wauzaji walikuwa ni ndugu na wanunuzi ni ndugu. Mpaka ulifunguliwa tena mwishoni mwa mwaka 1983, na KNCU ikarudishwa mwaka 1984. Lakini mfongo ulioachwa miaka minane hauwi mfongo ule ule maji yanaporudishwa.

Ni vyema kukumbuka pia kwamba hata ndani ya mkoa huo huo maendeleo hayakuenea sawa. Kilimanjaro ya takwimu ni pamoja na Same na Mwanga, kwenye tambarare kavu za Upare na mashamba ya mkonge, ambako mwaka mbaya wa mvua huleta njaa. Wastani wa mkoa humficha mtu wa tambarare nyuma ya mtu wa mlimani. Humficha vilevile mjane wa mlimani nyuma ya nyumba nzuri ya shemeji yake.

Tangu mwaka 1989

Julai 1989 utaratibu wa kimataifa wa kugawa viwango vya kuuza kahawa ulisambaratika, na bei ikaporomoka. Katika miaka ya 1990 soko likaachiwa wafanyabiashara binafsi, na gharama za shule na hospitali zikarudi mabegani mwa mzazi. Nguzo ya kahawa ilitikisika wakati ule ule nguzo ya shule ilipoihitaji zaidi. Watu wengi wakang'oa mikahawa, wakapanda mahindi, nyanya na ndizi za kuuza. Kitovu cha kahawa ya Tanzania kikahamia Mbinga, Mbozi na Kagera. Kituo cha utafiti cha Lyamungo, chenye historia tangu miaka ya 1930, kimetoa miche inayostahimili chulebuni na kutu ya majani. Lakini mche mpya wahitaji kijana wa kuupanda.

Na kijana hayupo. Idadi ya watu wa mkoa iliyokuwa kama 650,000 katika sensa ya mwaka 1967 ilifika 1,861,934 mwaka 2022. Ni karibu mara tatu, katika mlima ambao haukuongezeka hata hatua moja. Hata hivyo, baina ya sensa ya 2012 na ya 2022 mkoa uliongezeka kwa kiasi cha asilimia 1.3 kwa mwaka, ilhali taifa zima liliongezeka kwa asilimia 3.2. Tofauti hiyo haiwezi kuelezwa pasipo kuwahesabu walioondoka. Vihamba vimegawanywa hadi masale ya mpaka mmoja yanakaribia kugusana na ya mpaka mwingine, na wakati huo huo vimo vihamba visivyo na mtu ila mzee mmoja na mlinzi.

Msitu nao umefungwa zaidi. Hifadhi ya Taifa iliyoanzishwa mwaka 1973 ilipanuliwa mwaka 2005 ikauchukua msitu wote, na wanawake waliokuwa wakikata kuni na majani kwa ruhusa wakajikuta wahalifu. Barafu ya kilele imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa mwaka 1912, na mifongo mingi imekauka au imefukiwa. Sababu ya kukauka kwa mifongo si barafu peke yake. Mfongo hufa pia wakati hakuna vijana wa kuuzibua.

Kila Desemba magari hupanga foleni katika barabara ya kutoka Dar es Salaam. Wenye maduka na wenye ofisi hurudi mlimani, mbuzi huchinjwa, mbege hunywewa, makaburi hupaliliwa. Baada ya majuma mawili wanaondoka. Wengi wao watarudi kuzikwa humo. Kihamba kilichokuwa mahali pa kuishi kimekuwa mahali pa kutembelea, na hatimaye mahali pa kulala.

Tamati

Tumejaribu kuonyesha kwamba mashaka ya Kilimanjaro hayatokani na kushindwa kwa maendeleo bali na namna yalivyofanikiwa. Kihamba kiliilea kahawa. Kahawa ikaisomesha shule. Shule ikawachukua watoto wa kihamba. Wasomaji wetu wa Murang'a na Kiambu hawatashindwa kuutambua mwendo huo, maana na kwao eka za baba zimegawanywa hadi zikawa viwanja.

Mambo mawili yafuata. La kwanza lahusu watunga sera. Si haki kuutazama mkoa uliotangulia kana kwamba haudai kitu, wala si haki kwa mkoa huo kudai kana kwamba haukupewa kitu. Swali la kuuliza ni nani ndani yake aliyebaki bila ardhi na bila shule. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zimempa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Kazi iliyobaki ni ya mabaraza ya koo, ambako bado mpaka hupandwa kwa desturi kabla ya kuandikwa kwa sheria. Na kwa kuwa mara nyingi ni binti aliyebaki kumuuguza mzee huku kaka zake wako mijini, inawezekana kwamba kihamba hakina mrithi mwingine aliye karibu zaidi kuliko yeye.

La pili latuhusu sisi wenye kazi ya lugha. Maneno kama kihamba, mfongo na nusu maili yamebeba hoja nzima za haki, zamu na mipaka ambazo nyaraka za serikali haziyabebi. Wanaoyajua kwa utendaji ni wazee, na wengi wao wanaishi peke yao. Yafaa tuwaendee sasa tukayaandike pamoja na matumizi yake, tena kwa lahaja zao, kabla kamusi zetu hazijabaki na "Mangi" mmoja tu, yule wa chumvi na kiberiti.